Chupa ya Maji Inayorudi Imejaa

Saa tisa na nusu alasiri, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa miaka 13 anatupa begi la shule mlangoni. Chupa ya maji aliyojaziwa asubuhi imerudi kama ilivyoondoka. Mama yake anaimwaga kwenye sinki na kuisuuza. Amekwisha kuzoea.

Mtoto huyu ni wa mfano. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojulikana sana katika kazi ninayoieleza hapa. Hanywi kwa sababu akinywa atabanwa, na vyoo vya shule vina milango miwili, wa wavulana na wa wasichana, na hakuna anaopita kwa amani. Basi anajizuia kutwa. Adhuhuri kichwa kinamgonga, hesabu haziingii, na mkojo unaobanwa siku nenda rudi hukaribisha maambukizi.

Ipo fani ya afya inayoweza kuanzia hapo hapo kwenye chupa. Huitwa tiba kwa vitendo, na watu wengi huichanganya na fiziotherapia. Mtu wa fiziotherapia atataka kujua goti lako linakunjika kiasi gani. Wa tiba kwa vitendo atataka kujua kama unaweza kuinama ukafunga kamba za viatu. Shule ya kwanza ya fani hii Uingereza, Dorset House, ilianzishwa Bristol mwaka 1930 na daktari Elizabeth Casson. Siku hizi wanafani wake wamo pia katika huduma ya jinsia kwa watoto.

Huduma hiyo hupokea watoto ambao jinsi waliyozaliwa nayo haipatani na jinsia wanayojihisi kuwa nayo, na hali hiyo inawatesa. Kwa miaka mingi Uingereza ilitegemea kliniki moja kuu, iliyokuwa chini ya taasisi ya afya ya Tavistock, London. Mwaka 2009 ilipokea watoto wasiofika 50. Kufikia 2021/22 waliopewa rufaa walizidi 5,000. Foleni ikawa ya miaka. Daktari wa watoto Hilary Cass alipewa kazi ya kuichunguza huduma hiyo, kliniki ikafungwa mwishoni mwa Machi 2024, na ripoti yake ya mwisho ikatoka Aprili 10. Mahali pake vikaanza vituo vya kanda vyenye timu mchanganyiko: madaktari wa watoto, wanasaikolojia, wauguzi, na watu wetu hawa wa vitendo.

Hapa Kiswahili kinanipa nafuu. Huko kwenye kliniki, kabla hata ya salamu kwisha, lazima ijulikane mtoto atatajwa kwa kiwakilishi kipi, cha kike au cha kiume, na familia nyingine zimegombana kwa hilo tu. Mimi naandika "anakunywa", "analala", "amekasirika", na kiambishi a- hakinidai chochote.

Mkutano wa kwanza na mtaalamu wa tiba kwa vitendo mara nyingi huanza na siku ilivyo. Unaamka saa ngapi? Unavaa nini kwanza? Unaoga taa ikiwa imewashwa au imezimwa? Swali la taa si la mzaha, maana wapo wanaooga gizani ili wasijione. Kipo kipimo kilichobuniwa Kanada, kinachotumika katika nchi nyingi, ambacho humwachia mhusika mwenyewe ataje shughuli zinazomshinda, kisha azipe alama kutoka 1 hadi 10: anazimudu kiasi gani, na anaridhika kiasi gani. Mtoto wetu anaandika choo cha shule na kujipa 1. Kubadili nguo za michezo, 2. Kulala, 3. Jinsia haimo kwenye orodha yake, na mtaalamu haiongezi.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali ni ndogo mno. Barua kwa shule kuomba ufunguo wa choo cha mtu mmoja. Ruhusa ya kuvaa nguo za michezo tangu nyumbani. Anayejifunga kifua kwa vazi la kubana huulizwa amelivaa kwa saa ngapi, kama anapumua vizuri, kama hulivua kabla ya kukimbia.

Kigumu zaidi ni kutenganisha nyuzi. Usonji au dalili zake huonekana kwa watoto hawa zaidi kuliko kwa watoto kwa jumla, na kwa mwenye usonji lebo ya kola inaweza kukwaruza kama msasa. Sasa msichana kwa kuzaliwa anakataa sidiria. Je, inamwasha ngozi, au inamkumbusha mwili asioutaka? Jibu la kwanza linahitaji kitambaa laini kisicho na mshono. La pili linahitaji muda na sikio. Mara nyingi ni yote mawili, na mtaalamu anayekimbilia moja, lolote lile, amemkosea mtoto.

Mabishano makubwa ya huduma hii ya jinsia yamekuwa juu ya dawa za kuzuia balehe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, waliomfanyia Cass mapitio, walikuta tafiti 50 kuhusu dawa hizo, na moja tu ikahesabiwa kuwa ya ubora wa juu. Desemba 2024 serikali ikatangaza kuwa marufuku yake ya muda dhidi ya kuwaanzishia walio chini ya miaka 18 dawa hizo kwa ajili ya jinsia itaendelea bila kikomo, nje ya utafiti. Wapo madaktari na familia wanaoipinga ripoti ya Cass hadi leo, na hoja zao si za kupuuzwa.

Lakini mapitio hayo hayo ya York yalitazama pia msaada wa kisaikolojia na kijamii, yaani upande usio na dawa, ambao wengi huutaja kana kwamba umekwisha kuthibitishwa. Walipata tafiti 10 tu. Tisa zilikuwa hafifu na moja ya ubora wa kati. Wanaosema watoto hawa wasaidiwe kwanza bila dawa wana deni la kuonyesha msaada huo unafanya nini hasa, na deni hilo bado halijalipwa.