Kivuli si doa: namna ya kuchora kitu cheupe penye mwanga hafifu



Anayejifunza kuchora kwa rangi za mafuta hukutana mapema na swali linaloonekana la kitoto: kitu cheupe huchorwaje gizani? Weka kikombe cheupe mezani usiku, washa mshumaa mmoja. Ukikichora kwa rangi nyeupe jinsi ilivyotoka kwenye tyubu, kitaonekana kama karatasi iliyokatwa na kubandikwa juu ya picha. Ukikichora kwa kijivu, kitaonekana hakijaoshwa. Makala hii inaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na wachoraji hufanya nini.

Swali hili linatugusa hata sisi tusioshika brashi. Picha nyingi za ibada zina kitu cheupe katikati ya giza: Mwanakondoo, sanda kaburini, kitambaa cha altare, mavazi ya wabatizwa wapya. Mama mmoja wa jumuiya hapa Olasiti, alipotazama nakala ya picha ya Mwanakondoo, aliniuliza: "Frateri, mbona wamempaka majivu?" Ni swali la haki. Kumjibu kunahitaji fizikia kidogo, falsafa kidogo na kazi ya mikono.

Mwanga unaofika na mwanga unaorudi

Jicho hupokea mwanga ambao kitu kimeurudisha. Kitambaa cheupe safi hurudisha takribani asilimia 80 ya mwanga unaokiangukia. Kitambaa cheusi hurudisha asilimia 5 hivi. Lakini mwanga unaokifikia kitu hutegemea pia umbali. Ukikisogeza mbali na mshumaa mara mbili, mwanga unaokifikia hubaki robo. Ukikisogeza mara nne, hubaki sehemu moja ya kumi na sita.

Sasa tupige hesabu. Padre amevaa kanzu nyeusi, amesimama nusu mita kutoka kwenye mshumaa. Kitambaa cheupe kimetundikwa mita mbili kutoka kwenye mshumaa huohuo, yaani mbali mara nne zaidi. Gawanya 80 kwa 16, unapata 5. Kitambaa cheupe na kanzu nyeusi vinaleta jichoni kiasi kilekile cha mwanga! Hata hivyo kila aliyepo atasema bila kusita kwamba kile ni cheupe na hii ni nyeusi.

Jambo hili tunaliona kila mwaka katika Mkesha wa Pasaka. Taa zimezimwa, Mshumaa wa Pasaka unaingia, na alba za watumishi walio mbali nao zinarudisha mwanga mdogo kuliko sakafu ya saruji mchana. Hakuna anayedhani kwamba watumishi wamebadilisha mavazi.

Jicho na hukumu

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu roho, anafundisha kwamba rangi ndiyo mada ya pekee ya jicho, na kwamba rangi haionekani pasipo mwanga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 17, anaongeza kwamba kwa kawaida hisi haidanganyiki kuhusu mada yake ya pekee, isipokuwa kiungo chenyewe kikiwa na kasoro. Uongo kwa maana kamili hukaa katika akili inapohukumu.

Mchoraji anaweza kujipima hapa. "Kikombe hiki ni cheupe" ni hukumu ya kweli. "Kwa hiyo sehemu hii ya turubai ipakwe nyeupe" ni hitimisho lisilofuata. Sentensi ya kwanza inasema kikombe ni cha namna gani. Ya pili ilipaswa kutokana na mwanga unaotoka kwenye kikombe wakati huu, mahali hapa. Anayeruka kutoka ya kwanza hadi ya pili anachora anachokijua na kuacha anachokiona.

Kuna msaada mmoja. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kuhusu namna rangi jirani zinavyoathiriana machoni petu. Kijivu kilekile huonekana cheupe kando ya cheusi, na huonekana kizito kando ya nyeupe. Basi mchoraji hana haja ya kuongeza nyeupe ili kikombe kiwe cheupe. Anaweza kuliongeza giza lililokizunguka.

Wenzetu walifanyaje

Mfano bora ninaoufahamu ni Mwanakondoo wa Mungu wa Mhispania Francisco de Zurbarán, aliyezaliwa mwaka 1598. Picha hiyo ya miaka ya 1635 hadi 1640 iko katika makumbusho ya Prado, Madrid. Ni ndogo, sentimita 37 kwa 62 hivi. Mwanakondoo aliyefungwa miguu amelazwa juu ya meza ya kijivu. Nyuma yake ni giza tupu. Sehemu kubwa ya manyoya imechorwa kwa kahawia, kijivu na manjano iliyofifia. Nyeupe iliyo angavu ni chache, na kwa sababu ni chache, inang'aa.

Hapa kwetu ipo pia njia nyingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, alipaka rangi kavukavu bila kutafuta kivuli. Katika picha ya namna hiyo nyeupe ni nyeupe, na hakuna kosa, kwa sababu picha haidai kuonyesha saa fulani wala taa fulani. Naye Sam Ntiro wa Machame, Kilimanjaro, alichora mwaka 1956 wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Kila njia ina sheria yake. Ukichagua kuchora mwanga wa mshumaa, umekubali sheria ya mshumaa.

Kazi yenyewe

Kwanza, bakiza taa moja tu, iwe upande wa kushoto au wa kulia na juu kidogo ya kikombe. Zima taa ya dari, geuza na simu. Mianga miwili huleta vivuli viwili, na umbo la kikombe huvurugika. Turubai nayo imulikwe na taa yake ndogo iliyokingwa isifike kwenye kikombe.

Pili, usianze juu ya turubai nyeupe. Ipake kwanza rangi nyembamba ya udongo wa kahawia, uiache ikauke. Juu ya turubai nyeupe kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, nawe utaogopa kuweka giza la kutosha.

Tatu, fumba macho nusu ili mambo madogo yapotee. Tafuta mahali palipo na mwanga kuliko pote na mahali penye giza kuliko pote. Ukishindwa kuamini macho yako, toboa tundu dogo kwenye karatasi ya kijivu na utazame kivuli cha kikombe kupitia hapo. Kikitengwa na jirani zake, utashangaa jinsi "nyeupe" ile ilivyo kahawia.

Nne, tenga sehemu za kikombe: nukta ya mng'ao, upande uliomulikwa, mpito, kivuli, na mwanga unaorudi kutoka mezani kuingia ndani ya kivuli. Upande uliomulikwa na mshumaa huelekea rangi ya chungwa, hivyo changanya nyeupe na udongo wa manjano. Kivuli kichanganye kwa nyeupe kidogo, kahawia na bluu. Meza ikiwa ya mbao nyekundu, tia chembe ya wekundu huo chini ya kikombe, maana kitu cheupe hupokea rangi ya jirani kuliko kitu kingine chochote.

Hapo ndipo kikombe kinapookoka na uchafu. Kijivu cha nyeusi na nyeupe peke yake, kikipakwa mahali pasipo na sababu, husomeka kama doa. Kivuli kina sababu. Kinaanza pale umbo linapogeuka na kuipa taa kisogo, kinafuata duara la kikombe, kinabeba rangi ya meza, na ukingo wake mara nyingi huyeyuka gizani. Usiuchore kwa mstari mkali.

Tano, nyeupe tupu iwe ya mwisho: nukta moja kama punje ya mchele, nene, pale mwali unapomulika ukingo wa kikombe. Ukiimaliza mapema, huna pa kupandia. Nyeupe ya kwenye tyubu haiwezi kushindana na mwali wa mshumaa. Nguvu yake yote inatoka kwenye giza ulilolitunza kuizunguka. Vivuli viwe vyembamba, mwanga uwe mnene, na tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini ili picha isipasuke.

Mambo mawili ya usalama. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe, kwa hiyo usiyarundike stoo wala sakristia. Yatandaze nje yakauke au yaloweke majini. Pia picha ya mafuta ikifungiwa gizani, nyeupe yake hugeuka manjano. Iache penye mwanga wa mchana usio wa jua kali, na uikinge na vumbi letu la Olasiti hadi ikauke.

Kutofautisha doa na kivuli

Wapo wanaotaka picha za kanisani zipakwe upya ili vyeupe viwe vyeupe zaidi. Kabla ya kukubali, tuulize kwanza: kile kijivu ni doa au ni kivuli? Moshi wa mishumaa na ukungu ni doa, na mtaalamu anaweza kuviondoa. Kivuli ni sehemu ya ukweli wa picha. Ukikifuta, unaufuta pia mwanga, kwa sababu hakuna tena kitu cha kuuonyesha.

Kwa kitu halisi kilicho mezani, jaribio ni rahisi. Sogeza mshumaa. Kivuli kitahama, doa litabaki palepale. Tunaojiandaa kusikiliza watu tunalihitaji jaribio hilo hata nje ya chumba cha kuchorea: kabla ya kusema mtu ni mchafu, tuangalie kwanza amesimama umbali gani kutoka kwenye taa, na nani ameiziba.