Bibi Aliyeipima Hewa ya Baharini

Bahari humeza takriban robo ya hewa ya ukaa tuitoayo wanadamu. Lakini hewa iliyokwisha kuyeyuka majini hupimwaje? Tuwasimulie akina mama habari za Katsuko Saruhashi wa Japani, aliyeacha kazi katika kampuni ya bima akiwa na miaka 21 ili arudi kusoma. Mwaka 1955 alichapisha jedwali: mtaalamu akishajua joto, chumvi na uchachu wa maji, hulitazama akaikokotoa hewa hiyo kwa wepesi. Lilitegemewa takriban miaka 30, hadi kompyuta zikaipokea kazi. Mwaka 1957 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Lililotupendeza zaidi ni tuzo yenye jina lake: tangu 1981 hupewa wanasayansi wanawake wa Japani walio chini ya miaka 50.