Wauza mlango au wauza kuni?

Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukikarabati nyumba ya marehemu nyanya yangu huku Mji wa Kale, Mombasa, alikuja mtu kuuliza kama twauza mlango wa mbele. Mlango wenyewe ulikuwa umekauka, bao moja limepasuka kwa chini, na mchwa wameanza kula fremu. Mimi tayari nilishapiga hesabu ya mlango wa chuma. Nikamwambia arudi kesho tuzungumze bei.

Ami yangu alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wauza mlango au wauza kuni?" Kisha akaniamuru niketi mbele ya ule mlango mpaka adhana ya alasiri, halafu nimwambie nimeona nini.

Nakiri kwamba nimeupita mlango ule tangu utotoni na sikuwa nimeutazama hata siku moja.

Mlango wetu wa Kiswahili una mbao mbili zinazofungukia ndani, na katikati pana mti uliosimama uitwao mfaa. Fundi huweka nakshi nyingi kwenye mfaa, kwenye miimo na juu ya kizingiti, kwa kuwa hapo ndipo jicho la mgeni hutua kwanza. Ule mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, ami alinieleza, wazee waliufasiri kuwa ni ulinzi wa nyumba. Nilipopitisha kidole niligundua kuwa ua la kushoto halilingani sawasawa na la kulia. Nikajua hapa palipita mkono wa mtu na patasi.

Tena milango haifanani. Ya Siyu hujulikana kwa michoro ya kipimo isiyochimbwa sana, mara nyingi ikitiwa nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ile yenye misumari mikubwa ya shaba yatukumbusha Bara Hindi. Ukijua kutazama, mlango hukwambia mji huu ulifanya biashara na nani.

Wengi wetu hudhani sanaa ni picha iliyotundikwa ukutani. Na kwa kuwa sisi Waislamu hatukuzoea kuweka sanamu majumbani, twajiona kama watu wasio na sanaa. Sivyo hata kidogo. Sanaa yetu iliingia ndani ya vitu vya matumizi: mlango, mimbari, mkeka, kofia, leso, na misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono kule Siyu. Kwa kuwa twavitumia kila siku, tumeacha kuviona.

Tangu siku ile nina maswali matatu ninayojiuliza mbele ya kitu chochote. Kimetengenezwaje? Kwa nini kikawekwa umbo hili na si lile? Na kimetoka wapi mpaka kikafika kwetu?

Chukua leso. Wengi wetu husoma jina, yaani yale maneno, tukacheka au tukakasirika, basi. Lakini tazama pindo linavyozunguka pande zote nne, kisha mji ulio katikati, na uone vile mchoraji alivyofanya viwili hivyo vizungumze. Hata neno leso lenyewe limetokana na Kireno. Au chukua kofia ya vito. Kila tundu unaloliona limezungushiwa uzi kwa sindano, moja baada ya jingine, na kofia moja yaweza kumaliza miezi. Ukishajua hivyo, bei yake haitakushangaza tena.

Yule mtu alirudi kesho yake kama alivyoahidi. Wakati huo nilikuwa nishaambiwa jambo jingine ambalo kila mwenye nyumba ya zamani yafaa alijue: sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi huhesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Tukamshukuru, akaenda zake.

Sitawadanganya kwamba uamuzi ule ulikuwa rahisi. Kuutengeneza mlango kulitugharimu zaidi ya mlango mpya wa chuma, na ndugu yangu hunikumbusha mpaka leo kwamba zile pesa zingemalizia dari. Hakukosea. Dari bado yavuja kila masika.

Lakini juzi nilimkuta binti yangu wa miaka tisa amesimama mlangoni, kidole chake kikifuata ule mnyororo. Akaniuliza, "Baba, mbona hili ua si sawa na lile?"

Nikamwambia aketi barazani.