Si kila tiba iaminiwayo huponya: Jinsi majaribio yanavyotenganisha ukweli na mazoea

KWA miaka mingi, daktari aliyempokea mtoto aliyezidiwa na homa, mikono na miguu ikiwa baridi na pumzi zikimwenda mbio, alijua la kufanya. Alimtundikia chupa ya maji ya chumvi na kuyaacha yaingie mshipani kwa kasi, ili damu ipate nguvu ya kuzunguka mwilini.

Hivyo ndivyo vitabu vya udaktari vilivyofundisha, na hivyo ndivyo hospitali za mataifa tajiri zilivyofanya. Wachache walitilia shaka. Hata hivyo, tiba hiyo haikuwa imepimwa kwa kiwango kikubwa miongoni mwa watoto wa Afrika, ambao wengi wao hufikishwa hospitalini wakiwa na malaria kali na upungufu wa damu.

Kati ya 2009 na 2011, watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ambaye amefanya kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Kilifi, waliamua kuipima. Jaribio hilo, lililopewa jina FEAST, lilihusisha hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule kule Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda.

Watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa kwa makundi matatu. Kundi la kwanza lilitiwa maji ya chumvi kwa kasi. La pili lilitiwa albumini, ambayo ni protini itokayo katika damu ya binadamu, pia kwa kasi. La tatu halikuharakishiwa maji. Watoto wake walipewa polepole kiasi cha kawaida tu. Wote walipata dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni na damu kadiri walivyohitaji.

Matokeo yaliwashangaza hata waliolibuni jaribio lenyewe. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 1,000 walioharakishiwa maji, takriban 105 walifariki. Miongoni mwa wale ambao hawakuharakishiwa, waliofariki walikuwa 73 kati ya kila 1,000.

Kwa maneno mengine, tiba iliyodhaniwa kuwaokoa watoto hawa ilikuwa ikiwaongezea hatari ya kufa. Mnamo Januari 2011 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa mwaka huo huo.

Ni muhimu kusisitiza hapa kwamba jaribio hilo halikuwahusu watoto wenye ugonjwa wa kuhara wala waliodhoofika kwa utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha hupoteza maji mengi, na kumrudishia maji hayo bado ni tiba ya kuokoa maisha.

KWA NINI WAGONJWA HUPIGIWA KURA

Msomaji anaweza kujiuliza: madaktari walikosaje kuliona jambo hilo kwa macho yao wenyewe miaka yote hiyo?

Jibu ni kwamba macho ya mtu mmoja hayatoshi. Mtu akipata mafua, akanywa maji ya mwarobaini na kupona siku ya saba, atausifu mwarobaini. Lakini mafua mengi hupona yenyewe ndani ya siku hizo hizo. Ili kujua kama mwarobaini ulifanya kazi, ni lazima tuwatazame pia watu wanaofanana naye ambao hawakuunywa.

Daktari naye yumo katika mtego huo. Mtoto akitiwa maji akapona, sifa huiendea chupa. Akifa, lawama huuendea ugonjwa. Bila kundi la kulinganisha, tiba haiwezi kushtakiwa wala kuondolewa hatia.

Ndiyo maana watafiti hutumia kura. Anayeamua mgonjwa aingie kundi lipi si daktari wala mzazi, bali ni bahati. Daktari akiachiwa achague, huenda akawapa dawa mpya wale walio hoi zaidi, au wale wenye dalili njema. Kura huondoa upendeleo huo, na watu wanapokuwa wengi, makundi hufanana kwa umri, hali ya lishe na ukali wa ugonjwa. Tofauti ikitokea baadaye, inaweza kuhusishwa na tiba yenyewe.

Mara nyingi kundi moja hupewa kidonge kitupu kinachofanana kabisa na dawa, na hakuna ajuaye nani amepata kipi hadi mwisho. Pale ambapo tayari kuna tiba inayofaa, dawa mpya hulinganishwa na tiba hiyo, kwa sababu si haki kumnyima mgonjwa kinga inayojulikana.

Kabla ya kufikia hatua hiyo, dawa hujaribiwa kwanza kwa watu wachache, makumi hivi, ili kuona kama ni salama. Kisha hupimwa kwa mamia, na hatimaye kwa maelfu. Hata baada ya kuanza kutumiwa na umma, huendelea kuchunguzwa, kwani madhara yanayompata mtu mmoja kati ya elfu kumi hayawezi kuonekana katika jaribio la watu mia mbili.

MAJIBU YALIYOTOKA KARIBU NA NYUMBANI

Katika miaka ya karibuni, mengi ya maswali makubwa ya tiba yamejibiwa katika hospitali na vijiji vya eneo hili letu.

Mfano ni chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na nchini Kenya ilijaribiwa Kilifi, Kombewa na Siaya. Kwa waliopata dozi zote nne wakianzia umri wa miezi mitano hadi 17, visa vya malaria vilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne.

Kiwango hicho kilionekana kidogo kwa wengi. Lakini katika eneo ambako mtoto anaweza kuugua malaria mara kadhaa kwa mwaka, kupunguza zaidi ya thuluthi moja ya visa hivyo si jambo dogo. Mnamo 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa majaribio ya matumizi nchini Ghana, Malawi na Kenya, ambako ilizinduliwa Homa Bay. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiidhinisha Oktoba 2021.

Chanjo ya pili, R21, ilifuata na kuidhinishwa na shirika hilo Oktoba 2023. Ilijaribiwa kwa watoto 4,800 nchini Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 75 katika maeneo ambako ugonjwa huja kwa msimu na ambako watoto walichanjwa kabla ya msimu huo, na kwa asilimia 68 katika maeneo ambako malaria haikomi mwaka mzima.

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, swali lilikuwa jingine. Chanjo ya kukinga virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, ilijulikana kuwa inafaa. Ugumu ulikuwa kuwafikia wasichana mara mbili au tatu. Je, dozi moja ingetosha?

Watafiti, akiwemo Dkt Nelly Mugo wa Kenya, walilipeleka swali hilo kwa wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika Nairobi, Thika na Kisumu. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba baada ya miezi 18, dozi moja ilikinga dhidi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo kwa zaidi ya asilimia 97. Desemba mwaka huo, WHO ilisema nchi zinaweza kutumia dozi moja. Chanjo ambayo nchi ingemnunulia msichana mmoja sasa inaweza kuwafaa wawili.

Kwa kina mama wanaojifungua, jibu halikuwa dawa mpya hata kidogo. Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa 2023, lilifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000. Hapa kura ilipigiwa hospitali, wala si mama mmoja mmoja.

Wakunga katika hospitali zilizochaguliwa waliwekea kila mama karatasi ya plastiki yenye alama za kipimo, inayokusanya damu ili ionekane imefika kiasi gani, badala ya kukisia kwa macho. Damu ikizidi, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja: kukanda tumbo la uzazi, kutoa dawa za kulikaza na za kugandisha damu, kutia maji mshipani, na kumkagua mama.

Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani, akina mama 43 kati ya kila 1,000 walipoteza damu nyingi mno, au walipasuliwa au kufariki kwa sababu hiyo. Katika hospitali zilizotumia utaratibu mpya, idadi hiyo ilishuka hadi 16.

Nao utafiti wa kukinga virusi vya Ukimwi ulitoa habari kubwa Juni 2024. Nchini Uganda na Afrika Kusini, sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili tu kwa mwaka, ilitolewa kwa wanawake vijana 2,134. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Miongoni mwa wanawake 1,068 waliopewa kidonge cha kumeza kila siku, 16 waliambukizwa.

Kidonge hicho hukinga vyema kikimezwa ipasavyo, lakini wengi hawakuweza kukimeza kila siku. Jaribio huipima dawa pamoja na maisha ya anayeitumia. WHO ilipendekeza sindano hiyo Julai 2025.

JARIBIO LISIPOFAULU

Si kila jaribio huleta habari njema. Mwishoni mwa 2023, uchanjaji katika jaribio la chanjo mbili za Ukimwi lililojulikana kama PrEPVacc, lililofanywa Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, ulisitishwa baada ya kubainika kwamba hakukuwa na matumaini ya chanjo hizo kukinga.

Wengi hukata tamaa wasikiapo hivyo. Lakini kujua kwamba kitu hakifai ni faida pia. Wakenya wenye umri wanakumbuka mwaka wa 1990, wakati dawa ya Kemron ilipotangazwa hapa nchini kwa shangwe kuu kuwa nafuu kwa wagonjwa wa Ukimwi. Majaribio yenye ulinganisho yaliyofanywa baadaye, Uganda ikiwemo, hayakuona nafuu hiyo. Matumaini yalikuwa yametangulia ushahidi.

Kuna pia ulinzi wa wanaojitolea. Nchini Kenya, jaribio la dawa haliwezi kuanza bila idhini ya kamati ya maadili na ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mshiriki, au mzazi wake, anapaswa kuelezwa kwa lugha anayoifahamu, na ana haki ya kukataa au kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida.

Aidha, wataalamu wasio sehemu ya timu ya watafiti huyakagua matokeo jaribio likiwa linaendelea. Ndio waliotaka FEAST isimame kwa sababu ya madhara. Kinyume chake, Desemba 2006, jaribio la tohara ya wanaume lililokuwa likifanyika Kisumu lilisimamishwa kwa sababu ya mafanikio: waliotahiriwa walikuwa wakiambukizwa virusi vya Ukimwi kwa takriban nusu ya kiwango cha wenzao, hivyo haikuwa haki kuwacheleweshea wengine huduma hiyo.

MASWALI YA KUULIZA

Basi mwananchi afanye nini asikiapo redioni kwamba dawa mpya imepatikana, au akutanapo na mchuuzi sokoni anayenadi chupa iponyayo kisukari, presha na saratani kwa pamoja?

Aulize kwanza: dawa hiyo ililinganishwa na nini? Ushuhuda wa watu kumi waliopona si ulinganisho.

Pili, ilijaribiwa kwa watu wangapi, na wa aina gani? Tiba iliyowafaa watu wa Ulaya huenda isimfae mtoto wa Muheza mwenye malaria, kama FEAST ilivyotufunza.

Tatu, ni nini hasa kilichopimwa? Utafiti wa HPV ulipima maambukizi ya virusi. Saratani yenyewe huchukua miaka mingi kujitokeza. Hilo haliondoi thamani ya matokeo, ila latusaidia kuyaelewa.

Nne, asilimia inayotajwa ina maana gani kwa watu halisi? Kusema hatari imepungua kwa nusu ni jambo moja ikiwa imeshuka kutoka watu 40 kati ya 1,000 hadi 20, na ni jingine ikiwa imeshuka kutoka wawili hadi mmoja.

Tano, madhara yake ni yapi, na ni nani aliyeyahesabu?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wahenga. Madaktari wa Kilifi, Muheza na Mbale walithubutu kuuliza juu ya chupa ya maji ambayo kila mtu aliiamini, na wazazi wa watoto zaidi ya 3,000 wakakubali swali hilo lijibiwe kupitia kwa wana wao. Mtoto anayefikishwa wodini usiku huu akiwa na homa kali anatibiwa kwa elimu iliyotokana nao.