Mtoto na Dhahabu: Maana ya Krismasi

Kila mwaka, tarehe 25 Desemba, Wakristo husherehekea Krismasi. Katika vijiji vya Shinyanga na Geita huo ni wakati wa mvua na kilimo. Hata hivyo, siku hiyo majembe hupumzika. Watu huenda kanisani na kuimba. Nyumbani hupikwa wali na nyama. Watoto huvaa nguo mpya. Mambo hayo ni mazuri. Lakini maana ya Krismasi ni nini?

Krismasi ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu. Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa. Wakristo wa Roma walikuwa wakiiadhimisha siku hii tarehe 25 Desemba tangu zamani, kabla ya mwaka 400. Jambo kubwa si tarehe. Wakristo wanaamini kwamba siku hiyo Mungu alichukua mwili wa binadamu. Alikuja akiwa mtoto mchanga. Alinyonya, alilia, na alihitaji kulindwa.

Mtoto huyo alizaliwa Bethlehemu. Alilazwa katika hori, yaani chombo cha kulishia mifugo. Watu wa kwanza kupewa habari walikuwa wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao usiku. Wafugaji wa Usukumani wanaijua kazi hiyo.

Baadaye walifika mamajusi, wataalamu wa nyota kutoka mashariki. Walileta zawadi za dhahabu, uvumba na manemane. Lakini mfalme Herode alitaka kumwua mtoto. Yosefu na Mariamu walikimbia naye usiku mpaka Misri.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili. Mamajusi walitoa dhahabu kwa ajili ya mtoto. Hawakumtoa mtoto ili wapate dhahabu.

Katika Kanda ya Ziwa wako watu waliofanya kinyume. Tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wengi wenye ualbino walishambuliwa. Wengine waliuawa. Wengine walikatwa viungo. Waganga matapeli waliwadanganya watu, wakiwemo wachimbaji wa dhahabu, kwamba viungo hivyo huleta bahati. Watoto kadhaa walitenganishwa na wazazi wao, wakapelekwa kituo cha Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Tuelewe ukweli. Ualbino ni hali ya kuzaliwa nayo. Mtoto huirithi kwa baba na kwa mama, hata kama wazazi wote wawili wana ngozi nyeusi. Ngozi, nywele na macho yake hukosa rangi ya kutosha. Damu yake ni kama yako. Nayo dhahabu imo ndani ya mwamba. Hupatikana kwa kuchimba, kusaga mawe na kuosha. Hakuna kiungo cha mtu kinachoweza kuiweka mahali isipokuwapo.

Basi, maana ya Krismasi ni hii: ikiwa Mungu alichukua mwili wa binadamu, kila mwili una heshima. Hauuzwi wala haununuliwi. Mtu anayejua mpango wa kuua, akanyamaza, amemsaidia Herode. Mtu anayetoa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji au polisi amefanya kazi ya Yosefu.

Kuna kazi nyingine ndogo. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana na nguo ya mikono mirefu, kwa sababu jua huunguza ngozi yake. Darasani akae mbele, kwa sababu haoni mbali. Siku ya Krismasi aalikwe, ale na kucheza na wenzake. Hizo ni zawadi ambazo hata mtu asiye na dhahabu anaweza kuzitoa.

Maswali ya mazungumzo

1. Mamajusi walimletea mtoto zawadi gani?
2. Kwa nini viungo vya mtu haviwezi kuleta dhahabu?
3. Kijiji chetu kifanye nini ili kila mtoto awe salama?