Klipu Ivunjike, Pambo Lipone

Gari la zamani linapoingia gereji ya Jinja kupigwa rangi upya, madhara mabaya kuliko yote mara nyingi hutokea kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Fundi huchomeka bisibisi bapa chini ya ukanda wa kung'aa unaopita ubavuni, huegemeza shingo yake kwenye bodi, hukandamiza mpini, na ukanda huchomoka ukiwa umekunjika mahali pamoja, huku bodi ikibaki na kibonyeo. Kibonyeo kitajazwa fila, kitapigwa msasa, na habari yake itaishia hapo. Mkunjo wa ukanda utaonekana kila jua litakapoupiga. Hoja yangu ni kwamba mapambo ya nje ya gari hushikwa na vitu vidogo vinavyobadilishika, na ufundi wa kuyatoa ni kuhakikisha kwamba kikiharibika kitu, kiwe kimojawapo cha hivyo vidogo. Anayeanza kung'oa bila kujua kilicho nyuma ya pambo ameshaamua, ingawa hajui, kwamba kitakachoharibika ni pambo lenyewe.

Mashariki ya Uganda jambo hili lina uzito wake. Jinja ilikua kama mji wa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, na magari ya enzi hiyo, Volkswagen Beetle, Morris Minor, Mercedes, Peugeot 404, yaliingia pamoja na ustawi huo. Peugeot 404 ilijijengea heshima Afrika Mashariki nzima kwa kushinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1972 Waasia walipopewa siku 90 kuondoka nchini, magari mengi yaliachwa au yakabadili mikono kwa haraka, na matunzo yakawa ya kubahatisha. Yaliyosalia ni machache. Tena, tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15, kwa hiyo kuagiza gari bovu la aina hiyohiyo ili lichinjwe vipuri si njia ya kutegemea. Klipu za Beetle bado zinatengenezwa ng'ambo na kuuzwa kwa pakiti. Ukanda wa awali, ulionyooka na wenye mng'ao wake wa kiwandani, ni kitu cha kutafutwa kwa muda mrefu na kulipiwa ghali.

Kabla ya kugusa chochote, ijulikane pambo ni la madini gani, maana kila moja lina namna yake ya kufa. Sumaku husaidia, lakini haimalizi ubishi. Bampa la chuma lililopakwa kromi litashika sumaku. Alumini na zinki hazishiki. Chuma cha pua kina aina inayoshika na aina isiyoshika. Uzito ndio unaokamilisha jibu. Ukanda mwepesi kama ubua, usioshika sumaku, ni alumini. Nembo au kishikio kizito kisichoshika sumaku huwa ni zinki ya kumiminwa, na zinki haipindi, inakatika. Vijiti vyake vya nyuma vikivunjika, kuviunga ni kazi ngumu ambayo mara nyingi haifanikiwi. Kromi yenyewe, ile inayosifiwa, ni utando mwembamba usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, na mara nyingi chini ya nikeli kuna shaba. Bisibisi ikikwaruza ukingo wa kromi hadi chini, maji yanapata njia na utando huanza kubanduka kwa magamba. Chuma cha pua ndicho chenye huruma zaidi: kikibonyea, fundi mvumilivu anaweza kukigonga kutoka nyuma na kukisugua kikarudi. Alumini ya kanda nyingi za Beetle haina huruma hiyo. Imevikwa kiwandani ngozi ngumu ya oksidi kwa njia ya umeme, na ngozi hiyo huondolewa na msasa na hata na sabuni kali yenye magadi. Ikishakunjwa, sehemu ya mkunjo huwa ngumu kuliko pande zake, kwa hiyo ukijaribu kuinyoosha, inapinda pembeni na kukuachia mawimbi mawili mahali pa mkunjo mmoja.

Baada ya madini huja swali la mshiko. Ukanda wa ubavuni wa Beetle hukaa juu ya klipu zilizochomekwa kwenye matundu ya bodi, na kingo zake zilizokunjwa ndani ndizo zinazoibana klipu. Hapo inabandikwa tepu ya karatasi, matabaka mawili, juu na chini ya ukanda. Kisha kipande cha kadi ngumu kinapitishwa polepole nyuma ya ukanda. Kinapogota, hapo pana klipu, nawe unatia alama kwenye tepu. Kabari ya plastiki, au ya mbao ngumu iliyochongwa bapa, huwekwa pale penye alama. Ikiwekwa katikati ya klipu mbili, ukanda ndio unaobeba nguvu yote, na hapo ndipo unapokunjika. Unaanzia mwishoni, unainua milimita chache, unahamia klipu ya pili, kisha unarudi ya kwanza, hadi ukanda wote usogee kwa pamoja. Klipu ikilia na kukatika, kazi inaendelea vizuri.

Mapambo mengine hufungwa kwa nati kutoka nyuma, na hayo hayatoki kwa kabari hata kidogo. Unafungua paneli ya ndani ya mlango, au unaingia chini ya madigadi, uone kilichopo. Kwa mji ulio kando ya ziwa, wenye misimu miwili ya mvua, nati hizo huwa zimezama kwenye kutu, na gari lililozoea njia za vijijini kuelekea Mbale huwa na tope jekundu lililoganda nyuma ya pambo na kuhifadhi unyevu mwezi hadi mwezi. Mafuta ya kulegeza kutu yapigwe jioni, spana ishikwe asubuhi. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Kijiti kikianza kuzunguka pamoja na nati, acha. Ipasue nati kwa msumeno mwembamba. Wapo wanaotumia mafuta ya breki kulegezea kutu, nayo huchubua rangi popote yanapodondokea. Nembo za miaka ya karibuni zilizobandikwa kwa gundi hukatwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, ambao kwa wavuvi wa Masese hapa Jinja si bidhaa ya kutafuta, ukivutwa huku na huku kama msumeno baada ya gari kukaa juani hadi gundi ilainike.

Wengi watauliza kwa nini tujisumbue, wakati mapambo yanaweza kufunikwa kwa tepu na magazeti, rangi ikapigwa. Kwa kiraka kidogo, kwenye ukanda uliokaa imara na usio na dalili ya kutu, nakubali. Vilevile fundi anayekataa kuchokoa ukanda uliopachikwa kwenye raba ya kioo cha mbele yuko sahihi, maana ukanda huo hutoka salama pale kioo kinapotolewa pamoja na raba yake, na kioo cha zamani hakina mbadala wa karibu. Ila gari zima likipigwa rangi juu ya tepu, rangi huishia ukingoni mwa ukanda, na ukingoni hapo ndipo maji yatakapoanzia. Nyuma yake kuna matundu ya klipu, sehemu ambazo chuma cha bodi kimekatwa na kubaki uchi. Kutu iliyofichwa hapo itaitoboa rangi mpya kutoka ndani.

Wengine husema mafundi wetu wanaweza kuchonga ukanda mpya. Uhodari wao siupingi. Lakini ukanda wa kiwandani ulipitishwa kwenye magurudumu yaliyoupa kingo za kujikunja sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, na bila kingo hizo klipu haina pa kushika. Bati lililokunjwa kwa mkono huishia kufungwa kwa skrubu usoni, na bodi inatobolewa upya. Uhodari huo ungefaa zaidi kwenye klipu, ambazo fundi anaweza kuzikata kutoka utepe wa chuma chenye mnepo kwa kufuata ile iliyovunjika.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni muda. Fundi hulipwa kwa gari, na kila saa aliyotumia kusubiri nati ilegee hailipwi. Hapa lawama ni ya mwenye gari anayepatana bei ya rangi peke yake, kisha anadai mapambo yake yakiwa mazima. Kutoa na kurudisha mapambo kupatanwe kama kazi ya pekee yenye malipo yake, na ipewe siku yake kabla ya msasa.

Yakishatoka, kila ukanda ufungwe juu ya ubao ulionyooka na kuandikwa upande na mlango wake. Matundu yasafishwe hadi chuma cheupe, yapakwe rangi ya kuzuia kutu kwenye kingo, na wakati wa kurudisha yajazwe grisi nzito au nta. Klipu ya chuma isikutane uchi na alumini: maji yakiingia kati ya madini hayo mawili, alumini huliwa polepole na kutoa unga mweupe. Kipande chembamba cha plastiki kinatosha kuvitenganisha. Rangi nayo ipewe muda ikauke hadi ndani kabla klipu ya kwanza haijasukumwa mahali pake.