Grand Canyon kwa Mgeni: Pasi, Langoni au Canyonlands?

Kabla hujaitikia mwaliko wa ndugu aliyeko Arizona, muulize mtakuwa watu wazima wangapi ndani ya gari. Gharama ya kuiona Grand Canyon inategemea jibu hilo.

Kiingilio cha gari ni dola 35 kwa siku 7. Lakini tangu Januari 1, 2026, kila asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na kuendelea anatozwa dola 100 zaidi. Wageni wawili, basi, ni dola 235, watatu, 335. Pasi ya mwaka ya wasio wakazi ni dola 250 na inatosha gari zima, kwa hiyo kuanzia watu watatu pasi ndiyo nafuu. Hata mkiwa wawili inunueni kama mtapitia hifadhi za Zion au Bryce Canyon, maana huko nako ile mia inadaiwa upya. (Wakazi wanapata pasi yao kwa dola 80. Ndiyo, inauma.)

Mnaoshukia Las Vegas, kuweni macho. Ziara nyingi za siku moja zinazouzwa pale huenda Grand Canyon West, mwendo wa saa mbili na ushee, penye lile daraja la kioo, Skywalk. Ardhi ile ni ya kabila la Wahualapai, haimo katika hifadhi ya taifa. Pasi yenu haifui dafu: mnakata tiketi nyingine. Ukingo wa Kusini (South Rim), ulio ndani ya hifadhi, uko mbali, karibu kilomita 450, lakini mimi ningeenda huko. Kuna mabasi ya bure, mabomba ya maji ya kunywa, na njia ya Bright Angel inayoteremka kwa kujipindapinda hadi Mto Colorado. Shukeni kidogo tu. Juni hadi Agosti joto la kule chini hupita nyuzi 40, na kupanda huchukua karibu mara mbili ya muda wa kushuka.

Malazi ya Tusayan, karibu na lango, ni ghali. Flagstaff, saa moja na nusu kwa gari, huwa nafuu. Lakini kabla ya kuhesabu akiba, toeni kwanza mafuta na usingizi.

Mwenye mfuko mwepesi aende Canyonlands, Utah. Haimo kati ya hifadhi 11 zenye nyongeza ya dola 100: gari lenye wageni wanne linalipa dola 30. Bebeni maji na chakula kutoka mji wa Moab, kwani ndani hakuna mgahawa. Mto ni uleule, Colorado, na watu ni wachache.